Je, Jitu Lilisema au Alisema?

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikisahihisha kazi za wanafunzi wa mwaka wa tatu, nilikumbana na insha moja iliyonitia hamaki. Nilikuwa nimewataka wanafunzi wachambue mtindo wa matini yoyote ya kitaaluma. Kijana mmoja, badala ya kuchambua, aliandika makala kamili ya kitaaluma kuhusu chapati. Ilikuwa na ikisiri na usuli wa tatizo, ilikuwa na mihimili ya nadharia, na ilianza kwa kutufahamisha kwamba kwa madhumuni ya utafiti ule neno "chapati" lingechukuliwa kumaanisha chapati. Ukurasa wa pili ulizigawa chapati katika makundi makuu mawili, kisha kila kundi likagawika mara mbili, kisha mwandishi akakiri kwamba mipaka baina ya makundi hayo haiko wazi. Sikufika ukurasa wa tatu. Nilichukua kalamu nyekundu, nikaandika kuwa chuo kikuu si ukumbi wa vichekesho, nikampa alama 4 kwa 30.

Aibu ya jambo hilo hunirudia kila ninapoitazama filamu ya Young Frankenstein, ambayo nimeitazama mara nyingi kuliko inavyompasa mtu wa umri na kazi yangu. Ni filamu ya vichekesho iliyotolewa nchini Marekani mnamo Desemba 1974. Mwelekezi wake ni Mel Brooks, na mswada waliuandika yeye na mwigizaji mkuu, Gene Wilder, ambaye ndiye aliyebuni wazo lenyewe. Inazidhihaki filamu za kutisha za miaka ya 1930: zile za majumba ya kale yenye mizimu, milango inayolia bila kuguswa, radi inayopiga kila marehemu anapotajwa, na jitu lililoshonwashonwa kutokana na viungo vya maiti. Wapo wanaoamini kuwa filamu za namna hii ni porojo za kupitishia wakati, na kwamba mwalimu wa lugha anayezipeleka darasani ameishiwa na la kufundisha. Nami nilikuwa mmoja wao. Kalamu yangu nyekundu ni shahidi.

Kisa chenyewe si kigumu. Frederick Frankenstein ni daktari na mhadhiri katika chuo cha utabibu huko Marekani. Babu yake ni yule Frankenstein aliyesifika kwa kufufua maiti, na mjukuu anaionea haya nasaba hiyo kiasi kwamba amelibadilisha jina la ukoo kwa matamshi. Hataki kuitwa Frankenstein. Sharti aitwe "Fronkonstin". Katika onyesho la mwanzo yumo darasani akifundisha habari za neva, na mwanafunzi mmoja mdadisi anamsakama kwa maswali kuhusu babu yake. Mhadhiri anajizuia, anajizuia tena, na uvumilivu unapomwishia anajidunga kisu cha upasuaji pajani. Kisha anakunja nne kana kwamba hakuna lililotokea na kulitawanya darasa. Mwalimu yeyote aliyewahi kuulizwa swali lilo hilo mara tatu na mwanafunzi yuyo huyo atayaelewa maumivu ya paja lile.

Baadaye daktari huyu anarithi kasri la wazee wake huko Transylvania. Stesheni anapokewa na Igor, mtumishi mwenye kibyongo, aliyeigizwa na Marty Feldman. Daktari anapomsahihisha kwamba jina ni "Fronkonstin", mtumishi naye anamjibu kwamba ikiwa mambo ni hayo basi lake si Igor, ni "Aigor". Hapa ndipo mwanaisimu hukaa kitako. Jina la mtu ni konsonanti chache na irabu mbili tatu. Ukiigusa irabu umegusa ukoo. Sote tunawajua watu walioondoka kijijini na jina moja wakarudi na matamshi mengine ya jina lilo hilo, wakakasirika shangazi zao waliposhindwa kuyafuata. Frederick ni mmoja wao. Filamu nzima, ukiitazama kwa jicho la lugha, ni safari ya mtu anayelikimbia jina lake na ya kiumbe anayetafuta ulimi. Lakini ili kuliona hilo yatubidi kurudi nyuma kiasi.

Mary Shelley alianza kuiandika riwaya ya Frankenstein mwaka 1816, akiwa na umri wa miaka 18, kando ya ziwa la Geneva. Ilichapishwa mwaka 1818 bila jina lake. Msomaji anayelijua jitu hili kwa picha tu, lile lenye kichwa bapa na hatua nzito, hupigwa na butwaa anapoifungua riwaya, kwa kuwa humo jitu linasema. Halisemi tu, ni msemaji hodari. Limejifunza lugha kwa kujificha kando ya nyumba ya familia maskini na kuwasikiliza kupitia ufa wa ukuta. Limemsoma Milton. Linapokutana na mwumba wake juu ya milima yenye theluji linajieleza kwa ufasaha unaomshinda hata yeye, na sura kadhaa za riwaya ni masimulizi yake lenyewe. Mwumba huyo alikuwa amelikimbia usiku ule ule lilipofumbua macho.

Halafu likapokonywa ulimi. Mwaka 1823 kisa hiki kilipandishwa jukwaani mjini London, na katika tamthilia hiyo jitu lilikuwa bubu. Kwenye tangazo la mchezo, mahali pa jina lake, palichapishwa vistari vitupu. (Mwaka huohuo michezo ya kuidhihaki tamthilia ile ilianza kuonekana katika kumbi za mji huo, kwa hivyo anayedhani kuwa kulicheka jitu la Frankenstein ni ufuska wa siku hizi na ajue kuwa ni desturi ya karne mbili.) Filamu mashuhuri ya mwaka 1931, iliyoelekezwa na James Whale kwa kampuni ya Universal, ilifuata mkondo huo. Boris Karloff alilipa jitu miguno na macho yenye huzuni, na katika orodha ya waigizaji mwanzoni mwa filamu jina lake halikuandikwa; paliwekwa alama ya kuuliza. Mwaka 1935, katika mwendelezo wake, mzee kipofu aishiye peke yake msituni alilikaribisha jitu kibandani mwake na kulifundisha maneno machache, ya mkate, ya divai na ya urafiki. Mwaka 1939 likanyamazishwa tena. Mwaka 1942 lilisema mwishoni, lakini kwa sauti ya mtu mwingine ambaye ubongo wake ulikuwa umetiwa kichwani mwake. Katika filamu ya mwaka 1943 mwigizaji Bela Lugosi alipigwa picha akisema maneno ya jitu, kisha maneno hayo yakaondolewa kabla ya filamu kutolewa. Sijui kisa kingine cha fasihi ambamo mhusika mmoja amekatwa ulimi mara nyingi hivyo.

Mel Brooks na Gene Wilder walizijua filamu hizo shoti kwa shoti. Walitaka yao ipigwe kwa nyeusi na nyeupe, kama zile za kale; kampuni ya Columbia ilipokataa waliihama, wakaenda 20th Century Fox. Vile vyombo vya maabara vinavyorusha cheche, vilivyoundwa na Kenneth Strickfaden kwa ajili ya filamu ya 1931, bado alikuwa amevihifadhi nyumbani kwake, nao wakavitumia vivyo hivyo. Zingatia jambo hilo, msomaji. Mtu anayetaka kukudhihaki tu hahangaiki kutafuta viatu vyako vya zamani ili avivae.

Nilipoipeleka filamu hii darasani kwa mara ya kwanza nilifanya kosa. Niliwaonyesha wanafunzi ile ya 1974 peke yake. Walicheka watu walipojigonga milangoni, walicheka lile kabati la vitabu la kasri, ambalo huzunguka na kumbana daktari kila mshumaa unapoondolewa mahali pake. Lakini kuna mahali ambapo mimi nilicheka peke yangu, mbele ya vijana arobaini walionitazama kwa huruma. Jitu limekaa na msichana mdogo kando ya kisima, wakitupa maua majini. Maua yanaisha. Msichana anauliza watupe nini sasa. Jitu linageuza uso polepole na kututazama sisi tulio ukumbini. Hayo tu.

Mwaka uliofuata nilianza na ile ya 1931, ambayo haizidi sana saa moja na dakika kumi. Humo jitu hukaa na msichana kando ya ziwa, nao hutupa maua yanayoelea. Maua yanapoisha jitu, kwa kutojua, humtupa msichana, likidhani naye ataelea. Kwa miaka mingi wakaguzi wa filamu walilikata onyesho hilo. Wanafunzi wangu walikaa kimya walipolitazama, na mmoja alitoka nje. Juma lililofuata, msichana wa 1974 alipouliza swali lake, darasa zima lilipiga ukelele kabla ya kicheko, na kicheko kilipokuja kilikuwa cha namna nyingine kabisa. Nilitambua kuwa tangu hapo nilikuwa nikifundisha mambo kichwa chini miguu juu. Tunawakaririsha wanafunzi fasili ya tashtiti na ya kejeli, wanaziandika katika mtihani, wanapata alama, na hawajawahi kucheka hata mara moja kwa sababu hawajawahi kupewa kile kinachochekwa. Mwigo wa dhihaka ni sentensi tegemezi. Haukamiliki mpaka kishazi kikuu kiwe kimo kichwani mwa msikilizaji.

Kuna mizaha katika filamu hii inayonipa kazi nzuri darasani kwa sababu nyingine. Igor anapomwongoza daktari kutoka stesheni anamwambia apite hivi, kisha anampokeza kibakora chake kifupi, na daktari anashuka ngazi ameinama na kuchechemea kama yeye. Mzaha huo ni mkongwe kuliko filamu, na jambo la kufurahisha ni kwamba unavuka salama hadi kwenye Kiswahili, kwa kuwa "hivi" yetu nayo hubeba upande na namna pamoja. Kinyume chake, wakiwa garini kuelekea kasri, mnyama analia mbali na msichana anataja yule mtu ageukaye mbwa-mwitu. Sehemu ya kwanza ya jina hilo kwa Kiingereza inakaribiana kimatamshi na neno la kuulizia mahali, basi Igor analichukua kuwa swali na kulijibu kwa kidole. Huo haufiki kwetu. Unafia njiani kama samaki aliyetolewa majini. Igor huyohuyo anapotumwa kuiba ubongo wa mwanachuoni mkubwa anauangusha, anachukua mwingine ulioandikwa kwamba si wa kawaida, na maandishi hayo anayasoma kama jina la mwanamke na la ukoo wake. Huwa nawaagiza wanafunzi wautafsiri mzaha huo. Jioni nzima hukesha, na asubuhi huja na majibu yanayonifundisha mengi kuhusu mofolojia ya Kiswahili kuliko mhadhara wangu.

Siwezi kuacha kumtaja mtunza kasri, Frau Blücher. Kila jina lake linapotamkwa farasi hulia kwa hofu, hata wakiwa mbali, hata likinong'onwa. Imeenea dhana kwamba jina hilo lina maana ya gundi katika Kijerumani, na kwamba farasi wanaogopa kwa sababu zamani gundi ilitengenezwa kwa kwato na ngozi zao. Nimewasikia hata wasomi wakiirudia. Ni uongo. Gundi kwa Kijerumani ni neno jingine kabisa, na Blücher ni jina la ukoo tu, lililovumishwa na jemadari wa Prussia aliyepigana Waterloo mwaka 1815. Farasi wanaogopa kwa kuwa katika filamu za kutisha lazima kitu fulani kilie jina fulani litajwapo. Sauti imekuwa ishara bila kuhitaji maana. Watu hawakuridhika na hilo, wakaenda kuitafutia etimolojia. Nalo ni somo kuhusu etimolojia nyingi zinazotembea mitaani kwetu.

Yupo pia Inspekta Kemp, ambaye naye ni mwigo wa inspekta wa filamu ya 1939, mwenye mkono bandia. Anasema Kiingereza kwa lafudhi ya Kijerumani iliyokolea hata wanakijiji wenzake, ambao nao tunaambiwa ni watu wa huko huko, hawamwelewi, wanamwomba arudie. Mzaha huu unaishika pabaya kaida moja ya kipuuzi ya Hollywood, kwamba mgeni akiwa kwao husema Kiingereza kibovu na wageni wenzake. Lakini uigizaji wa lafudhi si jambo la kubahatisha. Marehemu Benson Wanjau, tuliyemjua kama Mzee Ojwang' katika Vitimbi, ambaye alifariki mwaka 2015, hakuwa Mluo. Hata hivyo alijua hasa mahali ambapo sh hugeuka s, na jinsi kiimbo kinavyopanda na kushuka, kiasi kwamba watazamaji wengi waliapa kuwa ni mzaliwa wa Nyanza. Huwezi kuiga lafudhi ambayo hukuisikiliza kwa miaka. Nawafahamu wachekeshaji wa leo wanaodhani yatosha kuharibu kila konsonanti. Hao hawaigi mtu yeyote, wanapiga kelele.

Tofauti hiyo ndiyo inayozitenga filamu za dhihaka zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 2001 ilitolewa Scary Movie 2, inayozicheka filamu za majumba yenye mizimu, na hasa The Haunting ya mwaka 1999. Niliitazama hadi mwisho kwa kuwa nilikuwa nimelipa. Inakuonyesha kitu ulichokwisha kukiona mahali pengine, inakitia uchafu, inasubiri ucheke, inakwenda kwa kingine. Sisemi hakuna kicheko ndani yake. Nasema waliyoidhihaki hawakuipenda, basi hawakuwa na la kuiongezea. Kwa uadilifu niseme vilevile kuwa Young Frankenstein ina madoa yake. Onyesho ambalo jitu linamteka mchumba wa daktari, na tukio la kumlazimisha likafanywa la kuchekesha, halichekeshi tena na lisingepaswa kuchekesha wakati ule. Darasani sehemu hiyo ninairuka, na wanafunzi wakubwa ninawaeleza kwa nini.

Turudi kwa ulimi. Katikati ya filamu daktari anajifungia chumbani na jitu lililopandwa na ghadhabu. Amewaonya wenzake wasimfungulie mlango hata akilia namna gani. Jitu linaponyanyuka, mara moja analia afunguliwe. Hafunguliwi. Basi kwa kukosa pa kukimbilia anaanza kulisemesha. Analisifu kwa uzuri wake. Jitu linatulia, linaanza kulia, na daktari analikumbatia na kulibembeleza kama mtoto. Mwanzoni ilikuwa hila ya mtu mwoga. Mwishoni si hila. Hapo, msaidizi wake anapomwita kwa lile jina la kujitungia, anapaaza sauti na kulitamka jina la ukoo kama babu yake alivyolitamka. Irabu imerudi kwao. Kumbuka kuwa mwumba wa mwaka 1818 alikikimbia kiumbe chake usiku wa kwanza, na maafa yote ya riwaya yalitokana na mbio zile. Wachekeshaji wawili, miaka 156 baadaye, waliufunga mlango ili mtu asikimbie, wakatuonyesha ambayo yangeweza kutokea.

Kisha daktari analipeleka jitu kwenye ukumbi wa michezo, wote wawili wamevaa suti za jioni na kofia ndefu, wakacheze na kuimba Puttin' on the Ritz, wimbo wa Irving Berlin. Inasimuliwa kuwa Brooks aliliona onyesho hili ni la kipumbavu mno, na kwamba Wilder alilipigania mpaka likabaki. Namshukuru. Daktari anaimba mstari, jitu linaitikia maneno ya jina la wimbo. Linachotoa ni mngurumo mmoja mrefu usio na konsonanti hata moja; lakini kiimbo ni sahihi, idadi ya silabi ni sahihi, mkazo unaangukia panapostahili. Kila aliye ukumbini anajua limesema nini. Ninapofundisha tofauti baina ya vipande vya sauti na yale yanayotanda juu ya vipande, sina mfano mwingine ulio bora. Mtoto wa mwaka mmoja hufanya vivyo hivyo kabla ya kusema neno. Wanafunzi hucheka, kisha taa ya jukwaani inapasuka, jitu linaogopa moto, watazamaji wa filamuni wanalizomea na kulitupia mboga, nao wanafunzi wananyamaza.

Mwishoni daktari anajilaza kando ya jitu ili sehemu ya akili yake ihamishiwe humo. Umati wa wanakijiji unavunja mlango. Jitu linafumbua macho na kusema. Linasema kwa utulivu, kwa sentensi ndefu zilizopangwa vyema, kwamba watu walilichukia kwa sura yake, na kwamba liliposhindwa kupendwa liliamua kuogopwa. Wazo hilo la mwisho halikubuniwa mwaka 1974. Limo katika riwaya ya Mary Shelley, karibu kwa maneno yayo hayo. Tamthilia ya 1823 ililiacha, filamu ya 1931 haikuwa na kinywa cha kulisemea, na ni vichekesho vilivyokwenda kuliokota na kulirudisha kwa mwenyewe. Inspekta anaguswa, anampa mkono, na mkono wa mbao unang'oka na kubaki katika kiganja cha mwenzake.

Ni baada ya onyesho hilo ambapo mwanafunzi mmoja, msichana wa kutoka Kilifi ambaye kwa kawaida hakusema sana, aliuliza swali ambalo nimelifanya kichwa cha makala haya. Katika muhtasari wake alikuwa ameandika "jitu lilinguruma", "jitu lilikimbia", "jitu lililia". Sasa amefika mwisho. Je, aandike "jitu lilisema" au "jitu alisema"? Nilianza kumjibu kwa kanuni. Nilimwambia kuwa nomino za watu na wanyama huchukua upatanisho wa a-, hata zikiwa na viambishi vya ngeli nyingine. Tunasema kiongozi alihutubia, kipofu aliimba. Isipokuwa tunapokuza au kudunisha: hapo li- na ki- hubaki, na hubaki makusudi, ili kumwondoa mtu katika watu. Ndiyo maana methali haisemi zimwi akujuaye. Yasema zimwi likujualo. Akaniuliza tena, kwa adabu: "Mwalimu, hiyo naijua. Nauliza, hapa kuna ukuzaji au hakuna?"

Sikuwa na jibu la haraka. Darasa liligawanyika, na mjadala ulichukua saa nzima iliyokuwa imetengewa sintaksia. Upande mmoja ulishikilia kuwa mwili haukubadilika, kwa hivyo li- ibaki. Wa pili ukasema kuwa anayeweza kusimulia maisha yake mwenyewe hawezi kuwa li-. Kijana mmoja akaleta hoja ambayo sikuitarajia: kwamba kosa lilianza mapema zaidi, na kwamba ilikuwa haki tuandike "alilia" tangu pale alipobembelezwa chumbani, kabla ya neno lolote. Msomaji atakayerudi juu ataona kwamba mimi nimetumia li- karibu kote. Nimeiacha hivyo ili mwalimu mwenzangu apate cha kuwauliza wanafunzi wake.

Jioni ile niliifungua droo ninamoweka karatasi za zamani na kuitafuta insha ya chapati. Safari hii niliisoma hadi mwisho. Nilihesabu sifa za mtindo wa kitaaluma alizokuwa ameziiga bila kuzitaja hata moja: kauli ya kutendwa inayomficha mtenda, fasili inayojizunguka, mgawanyo unaoleta mgawanyo, tahadhari inayofuta dai lililotangulia, na hitimisho kwamba suala la chapati za jana linahitaji utafiti zaidi. Zilifika kumi na moja. Hakuna insha nyingine ya mwaka ule iliyopita sita. Katika ukurasa wa tatu, ule ambao sikuufikia, palikuwa na fungu la maneno lililojirudia mara tano, "kama tulivyokwisha kudokeza". Ilinichukua muda kulitambua. Ni langu. Ndivyo ninavyosema darasani, na sikuwa nikijua kwamba nasema hivyo. Kijana yule alikuwa ameketi nyuma ya ukumbi mihula miwili akinisikiliza kwa makini kuliko mtu yeyote aliyewahi kunisikiliza.

Siku hizi ni mwalimu wa shule ya upili. Nilikutana naye katika semina ya walimu wa Kiswahili, nikamvuta kando wakati wa chai na kumwambia kuwa nilikuwa nimeisoma tena kazi yake. "Daktari, ile ya chapati?" akauliza, na kwa muda sikujua kama anacheka au amekasirika. Nilimwomba radhi. Tukazungumza kuhusu filamu, nikamshauri kwamba akitaka kuwaonyesha wanafunzi wake wa kidato cha tatu aanze na ile ya 1931, asiikate sehemu ya ziwa, na katika ile ya 1974 achague maonyesho machache badala ya kuwaachia yote. Aliandika hayo katika daftari lake. Kisha akaniuliza kama zile alama 4 zinaweza kuangaliwa upya. Nilimweleza kuwa matokeo yakishapitishwa na seneti ya chuo hayabadiliki. Akatikisa kichwa taratibu kama mzee wa baraza, akanywa chai yake, akasema kwamba, kama alivyokwisha kudokeza, suala hilo linahitaji utafiti zaidi.